Wafu wa Vita na Wazikaji Wasioandikwa: Rungwe, 1914 hadi 1918

Katika sheria ya vita maiti ni jukumu la jeshi, lakini katika desturi ya Wanyakyusa wa Rungwe maiti ni wa ndugu zake na majirani zake, na hakuna mwenye mamlaka, awe chifu au ofisa wa serikali, awezaye kuwavua jukumu hilo. Kwa miaka mingi taratibu hizi mbili ziliishi mbalimbali bila kugongana, kwa kuwa vita vya zamani vilipiganwa na watu wa karibu, na aliyeanguka aliweza kurudishwa kwao au kuombwa na watu wake. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozigonganisha. Kati ya 1914 na 1918 ardhi inayozunguka mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ilitawaliwa na majeshi mawili ya kigeni, moja likimfukuza jingine, na kila moja liliwaleta, likawatumia na kuwaacha njiani watu wasio wenyeji wa hapo. Swali la nani awazike watu hao, kwa ibada gani na kwa jina gani, halikupata jibu wakati ule, na kwa sehemu kubwa halijapata jibu hata leo.

Istilahi moja yafaa ielezwe mapema. Kanuni za The Hague za 1907, katika kifungu cha 42, zinasema kwamba nchi huhesabiwa kuwa imekaliwa pale inapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Hali hiyo huitwa ukaliaji wa kijeshi, na hutofautishwa na utawala wa kawaida kwa sababu mkaliaji hana haki ya kudumu juu ya ardhi ile, bali ana nguvu tu na wajibu unaofuatana na nguvu hizo. Mkataba wa Geneva wa 1906 ulikuwa tayari umeutaja mmojawapo wa wajibu huo: anayebaki na uwanja baada ya mapigano lazima awatafute majeruhi, azuie maiti wasiporwe, na ahakikishe kuwa kila maiti amekaguliwa kabla ya kuzikwa, ili alama za kumtambua zipelekwe upande wake. Mkataba huo unawazungumzia wenye silaha peke yao. Mwanakijiji anayeamka asubuhi na kukuta maiti wa mgeni katika shamba lake la migomba hakuandikiwa neno, ingawa mara nyingi ndiye anayefika wa kwanza, na ndiye atakayeishi na kaburi hilo.

Mfano unaojulikana zaidi wa mwanakijiji huyo watoka Ulaya, katika Vita Kuu ya Pili, wakati ndege za Uingereza na washirika wake zilipoangushwa kwa maelfu juu ya Uholanzi, Ubelgiji, Denmark na Ufaransa, nchi zilizokuwa zimekaliwa na Wajerumani. Mara nyingi marubani walizikwa katika makaburi ya kijiji, karibu na kanisa, na wenyeji waliyatunza makaburi hayo kwa maua mbele ya macho ya mkaliaji, jambo ambalo maofisa wa Kijerumani waliliruhusu mahali pengine na kulizuia kwingine. Vita vilipokwisha, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na orodha ya wanaanga zaidi ya 41,000 waliopotea bila kujulikana walipolala, na kikosi maalumu cha upelelezi kikapewa kazi ya kuwatafuta. Kwa miaka kadhaa wapelelezi hao walizunguka vijijini wakiwauliza mapadri, mameya, wachimba makaburi na wenye mashamba, na maelfu ya wanaanga hao walipatikana na majina yao kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeona, aliyezika, na aliyekumbuka.

Tukio la Guernsey, kisiwa cha Uingereza kilicho karibu na pwani ya Ufaransa na kilichokaliwa na Wajerumani tangu 1940, linaonyesha jinsi mazishi yanavyoweza kuwa kauli ya kisiasa hata pasipo mtu kutamka neno. Mnamo Oktoba 1943 meli ya kivita ya Kiingereza iliyoitwa Charybdis ilizamishwa katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, na miili ya mabaharia ikaanza kutupwa ufukweni na mawimbi. Wajerumani wenyewe waliandaa mazishi ya heshima ya kijeshi kwa maiti 21, lakini hawakutarajia kuwa wakazi wapatao 5,000, katika kisiwa kidogo namna ile, wangejitokeza na mashada ya maua yapatayo 900. Baada ya siku hiyo raia walikatazwa kuhudhuria mazishi ya aina ile. Mkaliaji alitambua kwamba watu wale walikuja kuwazika wenzao, na kwamba kwa kuwazika walikuwa wanasema wao ni wa nani.

Katika Afrika Mashariki ndege zilianza kutumika vitani mapema kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa Waingereza walizileta pwani mwishoni mwa 1914 ili kuitafuta meli ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Meli hiyo iliangamizwa Julai 1915 kwa msaada wa ndege zilizoelekeza mizinga, lakini safari za upelelezi juu ya delta ziliendelea. Mnamo tarehe 6 Januari 1917 rubani Edwin Rowland Moon, pamoja na Kamanda Richard Bridgeman aliyekuwa mwangalizi wake, walilazimika kutua katika mojawapo ya vijito vya Rufiji baada ya injini kuharibika, wakaiteketeza ndege yao isije ikatekwa. Kwa siku tatu walitangatanga katika mikoko wakiwa karibu hawana chakula, wakaogelea kuvuka vijito, wakaunganisha chelezo hafifu cha miti, na hatimaye maji yakawachukua hadi baharini. Bridgeman alifariki tarehe 9 kwa uchovu na baridi ya maji, naye Moon akafika ufukweni jioni ya siku hiyo na kuchukuliwa mateka na Wajerumani.

Habari hizo zinajulikana kwa undani kwa sababu Moon alitunukiwa nishani, na maelezo ya nishani yakachapishwa katika gazeti rasmi la serikali mjini London. Ndani yake kuna tarehe, kuna saa za mchana na za jioni, kuna hata idadi ya miti iliyofungwa kutengeneza chelezo. Hakuna Mrufiji hata mmoja, ingawa delta hiyo ilikuwa na wavuvi, wakulima wa mpunga na wakata boriti kwa karne nyingi kabla ya ndege ya kwanza kupita juu yake. Maandishi ya aina hiyo humfanya msomaji aamini kwamba vita vile vilipiganwa katika nchi tupu.

Kutoka Rufiji hadi Rungwe ni mbali, na ndege za vita vile zilifanya kazi zaidi pwani na kandokando ya reli kuliko katika milima ya kusini magharibi. Huko aliyeanguka hakutoka angani, alianguka akiwa na mzigo kichwani. Mji unaoitwa leo Tukuyu ulijulikana kwa Wajerumani kwa jina la Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa kituo cha kwanza cha jina hilo, kilichopewa heshima ya mwanamfalme wa Hohenlohe-Langenburg, kilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakahamishiwa juu milimani. Boma la huko ndilo lililotuma askari kuvuka Mto Songwe na kuishambulia Karonga mnamo Septemba 1914, shambulio lililoshindwa na kuwagharimu Wajerumani wengi wa maofisa wao. Baada ya hapo mpaka ulitulia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha mnamo Mei 1916 Brigedia Jenerali Edward Northey aliingia na safu kadhaa kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na ndani ya siku chache, kabla mwezi haujaisha, Neu-Langenburg ikawa mikononi mwake bila mapigano makubwa.

Kwa Mwingereza huo ulikuwa ukaliaji wa nchi ya adui. Kwa Mnyakyusa hali ilikuwa ngumu zaidi kuitaja, kwa maana Mjerumani naye alikuwa amekuja kwa silaha katika miaka ya 1890, na watu wengi wazima wa 1916 waliikumbuka vizuri siku ambayo hapakuwa na boma lolote Tukuyu. Mwandishi anayetafuta katika Rungwe hadithi inayofanana na ile ya Guernsey, yenye wenyeji waaminifu, mkaliaji katili na mfu wa upande wetu, hataipata, wala hana sababu ya kuilazimisha. Hapa mkaliaji alimrithi mkaliaji, na wafu wengi hawakuwa wa upande wowote, kwa kuwa hawakuulizwa kama wanataka vita.

Watu hao walikuwa wapagazi wa majeshi, na waliitwa tengatenga, jina lililotokana na kitenzi cha lugha za Nyasaland chenye maana ya kubeba au kuchukua. Katika maeneo yasiyo na reli wala barabara ya magari, na ambamo ndorobo na magonjwa viliwaua wanyama wa mizigo, kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilibebwa na binadamu, kwa kawaida mzigo wa kilo 25 au zaidi kidogo. Njia ya Northey ilipanda kutoka bandari ya Mwaya, kaskazini mwa ziwa, katika nchi tambarare ya Kyela ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, ikapita Tukuyu na kuendelea kuelekea Njombe, Iringa na Songea. Hesabu ya njia kama hiyo ni ya kikatili kwa asili yake, kwa kuwa mpagazi naye hula, na kadiri jeshi linavyosonga mbele ndivyo sehemu kubwa zaidi ya unga unaobebwa inavyoliwa na wabebaji wenyewe, hata ikawa wapagazi kadhaa wahitajika nyuma ya kila askari mmoja aliye mbele. Wengi walitoka katika nchi ya joto na kupandishwa katika milima ambako Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, wakalala nje na blanketi moja, na kufa kwa kuhara damu, kichomi na malaria. Risasi ziliwaua wachache.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliofariki upande wa Uingereza pekee katika Afrika Mashariki walifika 100,000 hivi. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa kabisa. Wazee wa Malawi waliohojiwa katika miaka ya 1970 walieleza kuwa mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa kando ya njia, kwamba wenzake walimfukia pale walipopata nafasi na ruhusa, na kwamba mara nyingi hawakupata vyote viwili. Watu wa Rungwe nao walichukuliwa na pande zote mbili, na hilo ndilo linaloleta kiini cha suala hili, kwa maana Mnyakyusa aliyefia Njombe au Songea hakupoteza uhai tu, alipoteza mazishi.

Uzito wa hasara hiyo unafahamika kwa kuangalia mazishi yenyewe yalivyokuwa. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938 pamoja na mkewe Monica, alichapisha mnamo 1939 uchunguzi mrefu kuhusu desturi za Wanyakyusa za kuzika, na Monica akaendeleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1957 kuhusu ibada za ukoo. Kaburi lilichimbwa nyumbani, karibu na nyumba alimoishi marehemu, wala halikuchimbwa mahali pa mbali palipotengwa kwa wafu. Wanawake walijaa ndani wakilia juu ya maiti, ndugu na wakwe walileta nguo za kumfunika, ng'ombe walichinjwa kulingana na mahusiano ya ndoa na uzazi, na wanaume wakashika mikuki na kucheza ngoma iliyoitwa ukukina, ngoma yenye sura ya vita ambayo kwayo majonzi yaligeuzwa kuwa ghadhabu na ghadhabu ikawa nguvu. Majirani wa kijiji walitakiwa kuja, na aliyezoea kukosa misiba ya wenzake alijiweka katika hatari ya kuonekana mchawi.

Baada ya kuzika ilifuata kazi ngumu zaidi. Marehemu alipaswa kwanza kutenganishwa na walio hai, afukuzwe katika ndoto na miili yao, kisha arudishwe kwa utaratibu nyumbani akiwa mmoja wa abasyuka, yaani roho za wazee waliotangulia, akae karibu na meko kama mlinzi badala ya kuwa tishio. Wanyakyusa walimweleza Monica Wilson kwamba anayepuuza ibada hizo huweza kupatwa na wazimu. Kwa imani hiyo, mtu aliyefia njiani na kufukiwa na wasiomjua hakuwa amekwisha kufa ipasavyo: hakuna majani ya mgomba yaliyotandikwa kwa ajili ya waombolezaji wake, hakuna ng'ombe wa mkwe, hakuna aliyemrudisha mekoni. Familia iliyongoja haikujua ianze lini kulia.

Upande wa pili wa jambo hilo ni wa wageni waliofia Rungwe. Desturi iliyofungamana hivyo na ukoo haina mahali rahisi pa kumweka mtu asiye na ukoo, kwa sababu kila tendo la mazishi, kuanzia nguo hadi ng'ombe, hutolewa na mtu mwenye uhusiano unaotajika. Ukristo ulileta njia nyingine. Wamoravian, waliofungua kituo chao Rungwe mnamo 1891 wakati wamisionari wa Berlin nao walipokuwa wakiingia Unyakyusa, walitoka katika mapokeo yanayoyaita makaburi shamba la Mungu, ambamo tangu karne ya 18 huko Herrnhut, Ujerumani, kila mfu huwekewa jiwe bapa lililo sawa na la mwenzake, tajiri kwa maskini, na watu hulazwa kufuata makundi ya usharika bila kutenganishwa kwa koo. Mapokeo hayo humpa mgeni nafasi, kwa kuwa anayelala pale hahitaji jamaa, yamtosha kuwa binadamu aliyebatizwa. Hata hivyo Waingereza walipoikalia wilaya waliwakamata wamisionari wa Kijerumani na kuwapeleka kizuizini nje ya nchi, na wamisionari wa Kimoravian walirudi tu katikati ya miaka ya 1920. Kwa karibu miaka kumi sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika, wakisaidiwa kwa kiasi na kanisa la Livingstonia kutoka Nyasaland, na hao ndio waliosimama makaburini katika kipindi ambacho vifo vilikuwa vingi kuliko wakati wowote waliowahi kuuona.

Kipindi hicho hakikuishia kwenye bunduki. Mwezi Oktoba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akielekea Rhodesia ya Kaskazini, ambako alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ilisafiri katika njia zilezile za wanajeshi na wapagazi, na katika Tanganyika yote inakadiriwa kuwa iliua kati ya watu 50,000 na 80,000. Nyumba ambazo zingekuja kuzika zilikuwa zenyewe zina maiti. Desturi inayomtaka kila jirani afike msibani haiwezi kupimwa kwa jaribio zito zaidi ya hilo.

Amani ilipopatikana, kazi ya kuwaorodhesha wafu ilikuwa ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa Mei 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akiitumikia dola atakumbukwa sawa na mwenzake bila kujali cheo wala dini. Katika Afrika Mashariki msingi huo haukufuatwa. Makaburi ya Wazungu yalitafutwa na kuwekewa mawe, huku wenyeji, askari na wapagazi, wakiachiwa sanamu za pamoja zisizo na majina, mfano wake ukiwa ile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mnamo 1927. Barua ya 1922 ya mmoja wa maofisa wa kazi hiyo inaonyesha kwamba Gavana Horace Byatt aliona makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na kwamba hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa. Hayo yalikuwa maamuzi ya watu walioujua ukweli, na ndiyo maana haifai kuyaita usahaulifu. Wapagazi wa Dar es Salaam walibaki katika jina la mtaa, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao kilichopiga kambi hapo, na wanunuzi wengi wa soko hilo hulitaja kila siku bila kujua kuwa wanawataja wafu.

Mnamo Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Januari 2025 ilizindua mjini Cape Town ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliofariki katika vikosi vya kazi, kila jina likiwa limechongwa katika nguzo yake ya mti. Majina hayo yalipatikana katika karatasi za kijeshi zilizokuwa zimehifadhiwa. Kwa njia ya Northey karatasi za namna hiyo ni chache, kwa kuwa mpagazi aliandikwa mara nyingi kwa namba, kwa jina la kijiji cha mkuu wake, au kwa jina lililosikika vibaya na karani asiyeijua lugha yake.

Wapelelezi waliowatafuta marubani huko Ulaya baada ya 1945 nao walikuwa na karatasi pungufu, wakalazimika kuacha ofisi na kwenda kanisani, kilabuni na shambani. Kazi kama hiyo katika Rungwe ingeanzia Mwaya, ikapanda Kyela kuelekea Tukuyu kando ya mashamba ya kakao, ya migomba na kisha ya chai, ikipita katika sharika za Wamoravian na Walutheri, na kwa kila boma la nyumba kuuliza maswali mawili: ni nani wa ukoo huu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, na ni kaburi la nani lile la pembeni, ambalo bibi alikataza jembe lisiliguse.